Kaa Tu Dakika Tano, Simu Itasubiri

Leo siuzi kitu. Hakuna kozi, hakuna linki ya kubonyeza, hakuna mdhamini. Nataka tuongee kuhusu kitu ambacho wengi wenu mmekuwa mkiniuliza kwa jumbe za siri, kana kwamba mnauliza mambo ya aibu: ile kitu ya kukaa kimya, kufunga macho na kufuata pumzi. Kamusi huita taamuli. Wengine husema tafakuri, wengine meditesheni. Mimi naiita kukaa tu, kwa sababu mdogo wangu akinipata sakafuni asubuhi na kuuliza, "Unafanya nini hapo?", jibu la ukweli ni, "Nimekaa tu."

Msimamo wangu nauweka mapema ndio usimalize bando ukiutafuta: kijana wa mjini wa umri wetu anahitaji dakika tano za kukaa kimya kila siku kuliko anavyohitaji video nyingine ya kumtia moyo. Hata kama hiyo video nimeitengeneza mimi.

Na mimi ndio nafaa kukwambia hivyo, juu hii biashara naijua kutoka jikoni. Mtu wa kontenti halipwi kwa sababu amekusaidia. Analipwa kwa sababu umetazama. Nina sekunde tatu za kwanza za kukushika, na kila kitu kwenye hizo sekunde kimepangwa: sura yangu karibu na kamera, swali ambalo halijajibiwa, maandishi makubwa ya njano. Ukimaliza yangu, nyingine inaanza bila wewe kuguza kitu. Hakuna mwisho wa ukurasa kwa sababu mtu aliuondoa makusudi. Aza Raskin, mmoja wa wale wanaotajwa kwa kubuni ule ukurasa usioisha mwaka 2006, baadaye amekuwa akizunguka akionya watu kuhusu kitu hicho hicho. Fikiria mpishi anayekwambia usile kwa hoteli yake. Ukisikia hivyo, angalau weka sahani chini kidogo.

Sasa usiniambie shida ni simu peke yake. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha utafiti kwenye jarida la Science. Walikuwa wanawatumia watu 2,250 maswali kwa simu wakati wowote wa siku: unafanya nini sasa hivi, akili yako iko wapi, unajisikia aje? Karibu asilimia 47 ya wakati, akili ya mtu ilikuwa mahali pengine kabisa. Na ikiwa mahali pengine, mtu kwa wastani alikuwa na furaha kidogo kuliko akiwa hapo alipo. Hiyo ni 2010, TikTok haijazaliwa. Akili ya binadamu ni mzururaji tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi mzururaji huyu amepewa nauli.

Kwa hivyo unaanza aje? Wacha nikueleze kama tuko kwa keja yangu, na keja yangu ni chumba kimoja, kwa hivyo usiwaze mishumaa na mikeka ya elfu tano.

Amka. Usishike simu. Hapa ndipo watu wengi huanguka, kwa hivyo simu ilale mbali na kitanda, hata juu ya kabati. Weka sufuria ya maji ya chai kwenye gesi. Kaa chini karibu na hapo, kwa kiti, kwa mtungi uliogeuzwa, kwa ukingo wa kitanda, popote ambapo mgongo utanyooka bila kukazwa. Miguu chini, mikono kwa mapaja. Macho funga, ama yatazame sakafuni kama hutaki kufunga. Halafu pumua kama kawaida. Usipumue kama mtu anayeigiza filamu. Kila ukitoa pumzi, hesabu: moja. Ukitoa tena: mbili. Ukifika kumi, rudi moja. Maji yakianza kuimba, umemaliza. Zima, tia majani, endelea na siku yako. Sufuria ndogo ya maji huchukua kama dakika tano, na haijawahi kuniletea tangazo.

Hiyo ndiyo zoezi lote. Sijakuficha kitu.

Kile ambacho hawakwambii ni yatakayotokea ndani ya hizo dakika tano. Utahesabu moja, mbili, tatu, halafu utajikuta unajibizana na mtu aliyekukosea darasa la saba. Ama unakumbuka deni. Ama wimbo wa nganya uliyopanda jana unaanza kupiga kichwani, besi na yote. Utashtuka: "Ai, nilikuwa wapi?" Na hapo ndipo wengi husema, "Mimi hii kitu imenishinda, akili yangu ina kelele sana."

Haijakushinda. Hapo ndipo imeanza. Watu wamedanganywa kwamba kazi ni kuifanya akili iwe tupu. Akili haitoi mawazo kwa sababu wewe ni mbaya, inayatoa kama vile mate hujaa mdomoni. Kazi yako ni ile sekunde ya kugundua umepotea, halafu kurudi moja bila kujitukana. Ukipotea mara ishirini na kurudi mara ishirini, umefanya zoezi mara ishirini. Msee wa jimu hahesabu ni mara ngapi chuma kimeshuka, anahesabu ni mara ngapi amekiinua.

Kuna sababu ya kutumia pumzi na si kitu kingine. Kwanza iko na wewe kila mahali na hailipishwi. Pili, ni mlango wa kuingia kwa mwili. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, pale chini ya kidole gumba, usikie mshipa. Vuta pumzi taratibu, toa taratibu zaidi. Kwa vijana wengi utasikia moyo ukiharakisha kidogo wakati wa kuvuta na kupunguza mwendo wakati wa kutoa. Ndiyo maana ukitoa pumzi ndefu mabega yanashuka yenyewe. Huo si uchawi, ni mishipa ya fahamu ikifanya kazi yake.

Na kelele? Mimi naishi ghorofa ambayo ukipiga chafya jirani anakwambia pole. Saa kumi na mbili asubuhi kuna bodaboda inakataa kuwaka, kuna mtoto analia juu, kuna mtu anacheza nyimbo za kanisa kwa spika ya kuvunja ukuta. Ukingoja kimya cha Nairobi utangoja mpaka uzeeke. Acha sauti zije. Sikia bodaboda kama bodaboda, usianze kumlaani mwenyewe, rudi kwa hesabu. Baada ya siku kadhaa utashangaa kwamba kelele ni ile ile, lakini haikuvuti shati.

Mchana unaweza kufanya kidogo ukiwa kwa matatu, jam ikiwa imekwama. Lakini hapo tafadhali macho wazi. Ukifunga macho kwa mathree ya Rongai, dirisha liko wazi na simu iko mkononi, hiyo si taamuli, hiyo ni mchango.

Kuhusu muda: usianze na nusu saa. Najua mtandaoni kuna watu wanajigamba na saa nzima, na wengine huenda zile kambi za siku kumi za Vipassana ambapo washiriki hawaongei na simu zinakabidhiwa mlangoni. Hongera kwao. Wewe anza na tano, na zikikataa anza na mbili, lakini kila siku. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajaribu kujenga tabia mpya. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka kitu kikafanyika chenyewe bila kujisukuma, lakini kulikuwa na tofauti kubwa, kuanzia siku 18 mpaka makadirio ya 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu safari. Kwa hivyo ukilala Jumamosi kwa sababu Ijumaa ilikuwa ndefu, Jumapili kaa tu, usifanye mazishi.

Mimi niko kwa mwaka wa pili sasa. Niulize nimepata nini.

Sijapata pesa. Sijaona mwanga. Nilichopata ni nafasi ndogo sana, upana wa pumzi moja hivi, kati ya kusikia kitu na kukifanya. Wengi wenu mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa na sikutaka nyumbani wauze kitu tena. Kila msimu wa mahafali, simu yangu inajaa majoho. Watu niliokaa nao dawati moja, maua shingoni, mama analia kwa furaha. Sauti ya kichwa changu inajua kazi yake: "Na wewe?" Hiyo sauti bado inakuja. Tofauti ni kwamba siku hizi naisikia ikija, kama vile unavyosikia hatua za landilodi kwenye ngazi. Naijua kwa jina. Nampongeza mwenzangu, tena kwa moyo, na naendelea kukata video yangu.

Rafiki yangu mmoja wa mtaani alikuwa amenaswa na ile kamari ya ndege, ile inapaa na wewe unaomba isilipuke. Tulianza kukaa pamoja, kila mtu kwake, tukitumiana alama ya tiki asubuhi. Anasema kitu kimoja amejifunza: hamu ya kucheza huja kama wimbi, inapanda, na ukiitazama dakika chache bila kuitii, inashuka. Hajaacha kabisa, na sitawadanganya ameacha. Lakini mwezi uliopita kodi yake ililipwa tarehe tano, na hiyo kwetu ni habari.

Sasa tuje kwa maswali magumu, juu najua mko nayo.

La kwanza: "Hii si ya dini nyingine?" Mamangu aliuliza hivyo hivyo. Aliniita, akaniketisha.

"Nasikia siku hizi unafunga macho unakaa. Umejiunga na nini?"

"Sijajiunga na kitu, Mama. Nahesabu pumzi tu."

"Na unaita nani?"

"Siiti mtu. Nahesabu moja mpaka kumi."

Akanitazama kwa muda. "Basi ukimaliza hiyo kuhesabu yako, uombe."

"Sawa, Mama."

Na huwa naomba. Ukweli ni kwamba mbinu ya kufuata pumzi imetunzwa sana na Wabuddha, na ilianzia India zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Sitaficha hilo. Lakini kukaa kimya hakuna mwenyewe. Wakristo wa kwanza walikuwa na watawa walioishi jangwani Misri wakitafuta ukimya. Waislamu wanajua kwamba Mtume alikuwa akijitenga kwenye pango la Hira kabla ya ufunuo, na rafiki yangu wa Eastleigh akimaliza Alfajiri hukaa na tasbihi yake akivuta uradi kabla hajagusa simu. Mkatoliki ana rozari. Na mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alipopeleka mazoezi haya kwa wagonjwa wa maumivu sugu kwenye chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, aliyaweka kama programu isiyodai mtu abadilishe imani. Kama moyo wako hautaki hata hivyo, usilazimishwe. Chukua ukimya wa nyumbani kwenu. Ila uchukue kweli, si kwa kuutaja.

Swali la pili linaniuma zaidi: "Utatafakari aje na njaa?" Uliyeuliza hivyo, una haki. Pumzi hailipi kodi. Haileti tokeni za stima. Kuna mabosi wanaopenda sana hizi mambo, wanaita mwalimu wa kupumua Ijumaa mchana na mshahara wa mwezi jana bado haujaingia. Ronald Purser aliandika kitabu kizima mwaka 2019, McMindfulness, akilalamikia namna ukimya umegeuzwa bidhaa ya kumfanya mfanyakazi avumilie kile kilichopaswa kurekebishwa. Nakubaliana naye hapo. Mtu akikwambia upumue ili asikulipe, pumua, halafu udai pesa yako.

Kwa sababu kutulia si kunyamaza, na kizazi chetu kinafaa kujua tofauti. Tarehe 25 Juni 2024 vijana wa rika letu walikuwa barabarani, Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret, kupinga Mswada wa Fedha. Wengine hawakurudi nyumbani. Wengi waliorudi bado wanashtuka mlango ukigongwa kwa nguvu. Tangu hapo nimesikia wazee wengi wakituambia, "Vijana, tulieni," na wanamaanisha tufunge midomo. Utulivu ninaouongelea mimi ni mwingine. Mtu aliyetulia anasoma mswada mpaka kifungu cha mwisho. Hashiriki video ya uongo kwa sababu imemchoma. Anajua hasira yake imetoka wapi na inaelekea nani. Mtu kama huyo ni mgumu kudanganya, na ni mgumu kuchosha. Ningekuwa mwanasiasa ningemwogopa huyo kuliko anayepiga kelele usiku kwa simu na asubuhi amesahau.

Swali la tatu: "Hii inatibu?" Hapa nitasema polepole. Mwaka 2014 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha mapitio ya majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Programu za aina hii zilipunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi fulani. Kiasi, si muujiza. Na hazikuonyesha kushinda dawa wala mazoezi ya mwili. Kwa hivyo kama daktari amekuandikia dawa, meza dawa. Kama mpira ndio hukupa amani, nenda uwanjani.

Na kuna watu ambao wakifunga macho, kinachokuja si deni wala wimbo. Ni kitu kilichowatokea. Mwili unatetemeka, kifua kinabana. Ikikutokea hivyo, fungua macho, simama, gusa ukuta, nawa uso, tembea. Usijilazimishe kwa sababu msee wa mtandaoni alisema siku 66. Tafuta mshauri nasaha, muuguzi wa kliniki ya karibu, shangazi anayejua kusikiza, mtu. Na kama mawazo ya kujiua ndiyo yanakutembelea, sema leo, kwa mtu aliye karibu na wewe. Kwa miaka mingi sheria yetu ilimchukulia aliyejaribu kujitoa uhai kama mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinakiuka Katiba. Wewe si mhalifu. Wewe ni mgonjwa kama mwenye malaria, na mgonjwa hutibiwa.

Nikiwa nimesema yote hayo, bado nashikilia pale nilipoanza. Tunaishi mjini ambapo kila mtu anataka kipande cha kichwa chako. Makanga anakiita, mhubiri wa barabarani anakiita, programu za mikopo zinakiita saa tano usiku, mimi pia nakiita, na sitaacha, ndiyo kazi yangu. Hakuna mtu katika hao wote atakayekupa ruhusa ya kupumzika, kwa sababu ukipumzika wanapata hasara. Hizo dakika tano lazima uzichukue mwenyewe. Hazina laiki, hazina cheti, hakuna atakayejua ulizifanya. Kwa mtu ambaye maisha yake yote yanapimwa kwa namba, kuwa na kitu kimoja kwa siku ambacho hakihesabiwi na mtu mwingine ni mali.

Kwa hivyo usiku wa leo fanya kitu kimoja tu. Jaza sufuria maji, ifunike, iache juu ya meko. Simu iweke juu ya kabati. Kesho ukiamka utapata kila kitu kimeshapangwa, utabaki wewe na kukaa.

Siku tatu za kwanza zitakuboesha sana. Ya nne niandikie, uniambie akili yako ilienda wapi. Nitakuwa nimemaliza chai kabla sijasoma.